Dawa gani ya chafya isiyonilaza kwenye usukani?

Dereva wa Kisauni
Salaam aleikum wenzangu. Naendesha tuktuk, Kisauni hadi Buxton, na pua hainipi raha. Nikiamka tu ni chafya mfululizo na macho yanawasha, mpaka jua lipande. Chemisti nilipewa vile vidonge vidogo vya manjano, Piriton. Chafya zinakata, wallahi, lakini nikikwama foleni ya daraja la Nyali kichwa chaanguka, mpaka abiria anigonge bega. Jirani asema setirizini, mwengine loratadini, mwengine asema zote ni zile zile. Kweli?

Binti wa Chemisti
Aleikum salaam kaka. Si zile zile. Zote huzuia histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta chafya na kuwashwa. Lakini Piriton ni ya kizazi cha kwanza, huingia hadi kwenye ubongo, ndiyo maana wasinzia, na bado yataka umeze tena baada ya saa 4 hadi 6. Za kizazi cha pili, kama loratadini na setirizini, haziingii sana huko, na kidonge kimoja chashika kutwa. Kwa dereva ningeanzia loratadini, miligramu 10. Setirizini ni kali zaidi kwa kuwashwa, ila wako inaowalaza. Ijaribu siku ambayo huendi kazini. Feksofenadini pia hailazi watu wengi, lakini mfuko utalia, na imeze kwa maji matupu. Juisi ya machungwa huizuia isiingie mwilini vizuri.
Figo zako zi salama? Kuna dawa nyengine unayokunywa?

Mamake Swaleh
Chafya za alfajiri? Tazama godoro, mwanangu. Joto la huku na unyevu wa bahari, vidudu vya vumbi vinastarehe humo. Langu la pamba nililitoa nje, mashuka nafua kwa maji moto. Bila hivyo vidonge vitatuliza tu, chanzo kiko pale pale.

Dereva wa Kisauni
Shukran mama. Figo salama, dawa nyengine situmii. Na pua inayoziba usiku je? Halafu, nikitafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, na Piriton yangu si nitakaa macho?

Binti wa Chemisti
Muguka hautoi dawa ubongoni, kaka! Macho yatakuwa wazi na breki utachelewa kushika vilevile. Badilisha dawa.
Pua kuziba, vidonge hivi havisaidii sana. Hapo ni dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, ya kutuliza uvimbe, kama beklometasoni. Puliza kila siku bila kukata tamaa, maana huchukua siku kadhaa, hata wiki 2, kabla hujaona tofauti. Kifua kikilia filimbi hiyo yaweza kuwa pumu, muone daktari. Na midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, usikae kungoja kidonge: hapo yatakiwa sindano ya adrenalini, kimbilia hospitali.

Mamake Swaleh
Na tuktuk umwachie mwengine aendeshe siku hiyo.