Nikirekodi gitaa la pili, la kwanza nalo linaingia humohumo. Nifanyeje?

Nyuzi_Sita:
Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kurekodi gitaa nyumbani. Nina wimbo wenye magitaa matatu: rithimu, solo, na la kati linalojibizana na solo. Yote napiga mwenyewe, kwa hiyo lazima nirekodi moja baada ya jingine. Natumia laptopu ya Windows, programu ya Audacity, na gitaa la umeme nililolichomeka kwenye tundu la maiki kwa adapta. Nasikiliza kwa spika za laptopu.

Rithimu inaingia vizuri. Nikifungua traki ya pili nipige solo, solo inarekodiwa lakini rithimu nayo imo ndani yake. Nikiizima traki ya kwanza bado naisikia kwa mbali, na nikipunguza sauti ya solo inashuka nayo. Halafu nikicheza zote pamoja, solo iko nyuma ya mdundo. Wimbo huu naupenda sana, nataka kila gitaa lisikike mahali pake. Nianzie wapi?

FundiMiksi:
Karibu mkuu. Hayo ni matatizo mawili, tuyashughulikie moja moja.

Kwanza huko kuvuja. Usichomoe kitu. Zungusha kitufe cha sauti cha gitaa mpaka sifuri, acha rithimu icheze, kisha rekodi kwenye traki mpya. Mawimbi yakichoreka ilhali gitaa liko kimya, sauti inaingilia kwingine. Sasa gonga taratibu kwa kidole pembeni ya skrini. Mstari ukiruka, ujue kinachorekodi ni maiki ya ndani ya laptopu: inasikia spika, na inasikia nyuzi zako zikilia hewani. Usiporuka, angalia orodha ya vifaa vya kuingizia sauti kama umechagua "Stereo Mix". Hiyo hurekodi kila kinachotoka kwenye kompyuta, rithimu ikiwemo.

Vyovyote iwavyo, vaa hedifoni. Spika zifungue wakati wa kusikiliza tu.

Besi_Nzito:
Naunga mkono, ila niongeze hili: tundu la maiki la laptopu halikutengenezwa kwa ajili ya gitaa. Pikapu za gitaa (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) zinahitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, la sivyo sauti inapoteza ule mng'ao wa juu na kuwa butu. Ukijaliwa, tafuta intafesi ya sauti ya USB, yaani kifaa cha nje cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, yenye tundu lililoandikwa "Inst" au "Hi-Z". Rekodi kwa biti 24, na vilele vya sauti viishie karibu na -12 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukigusa 0 sauti inakatwa kichwa, na hakuna dawa ya kuirudisha ilivyokuwa.

Na tafadhali usiunganishe traki mapema kwa kuogopa kujaza diski. Traki moja ya mono kwa biti 24 na 44.1 kHz haifiki MB 8 kwa dakika. Les Paul, yule mpiga gitaa wa Marekani, miaka ya 1940 alikuwa akipanga gitaa juu ya gitaa kwa kurekodi kutoka santuri moja kwenda nyingine. Kila sauti mpya ilichanganyika na za nyuma moja kwa moja, hakuna kuzitenganisha tena. Wewe unaweza kurudia solo peke yake bila kuigusa rithimu. Itumie nafasi hiyo.

Nyuzi_Sita:
Nimegonga skrini, mstari umeruka! Kumbe muda wote ilikuwa maiki ya ndani. Nimechagua tundu la nje na kuvaa hedifoni, sasa traki ya pili ni solo tupu. Asanteni sana. Bado huko kuchelewa.

FundiMiksi:
Safi. Kuchelewa kunatokana na bafa: kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuipitisha. Fungu la sampuli 1,024 (vipimo vidogovidogo vya sauti) kwa 44.1 kHz, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, ni kama milisekunde 23, la 128 ni karibu 3. Na sauti inapita mara mbili, kutoka na kuingia.

Audacity ina mpangilio wa kufidia kuchelewa huko, na kwa kawaida huanzia milisekunde -130. Laptopu yako huenda inahitaji namba nyingine, kwa hiyo pima. Tengeneza traki ya mdundo wa metronomu, unganisha waya kutoka tundu la hedifoni hadi la kuingizia sauti (shusha sauti kwanza, inatoka na nguvu), kisha urekodi. Vuta picha karibu kabisa uone pengo kati ya mlio wa asili na uliorekodiwa. Mlio uliorekodiwa ukichelewa kwa milisekunde 60, weka -190. Rudia kupima mpaka ilingane.

Rithimu_Tu:
Mkuu, hiyo rithimu ukitaka iwe nene, ipige tena upya kwenye traki nyingine, kisha moja iende kushoto na nyingine kulia. Kunakili traki hakusaidii. Nakala mbili sawasawa ni sauti ileile iliyopanda kwa 6 dB, na inabaki katikati.

Besi_Nzito:
Wengine hunakili kisha wakaisogeza nakala kwa milisekunde chache.

Rithimu_Tu:
Nawaona, na sishauri. Kwenye hedifoni inapendeza, lakini wimbo ukichezwa kwenye simu yenye spika moja, nakala zinakutana na kulana. Gitaa linasikika jembamba kama linatokea ndani ya bomba. Mkono ukipiga mara ya pili haurudii sawasawa, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayojaza. Tyuni kabla ya kila traki, maana rithimu mbili zisizolingana hata kidogo zitakuchosha masikio.

Nyuzi_Sita:
Nimepima, nimebadilisha namba, solo imekaa kwenye mdundo. Swali la mwisho: mwangwi niuweke wakati narekodi au baadaye?

FundiMiksi:
Baadaye. Mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki, na hujui utahitaji kiasi gani mpaka magitaa yote matatu yawe pamoja. Kama mkono wako hauchezi vizuri bila mkwaruzo wa distoshen, huo rekodi nao, kwa sababu unabadilisha namna unavyozigusa nyuzi.