A Moment to Remember, The Classic au Christmas in August: ipi nimwekee mama mdogo?

Binti_Korogwe (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpenzi wa muvi za Kikorea za mapenzi, hasa zile za majonzi, na namba moja kwangu ni A Moment to Remember ya 2004. Sijaona ya kuifikia.

Mama mdogo anakuja kupumzika kwangu wiki ijayo. Yeye ndiye anayemuuguza bibi nyumbani, na bibi amefika mahali hamtambui tena mwanawe. Nataka usiku mmoja tukae tuangalie muvi. Najiuliza, nimwekee hii niipendayo au nitamtonesha kidonda? Kwenye flashi ninazo pia The Classic (2003) na Christmas in August (1998).

Kwa ambao hawajaiona: Su-jin (Son Ye-jin) ni binti wa mwenye kampuni ya ujenzi. Anampenda Chul-soo (Jung Woo-sung), fundi seremala anayesomea kuchora majengo. Wanaoana, halafu mke, miaka 27 tu, anaanza kusahau. Kuna siku Chul-soo anafungua chakula alichofungiwa na mkewe, anakuta wali juu ya wali, mboga hakuna. Hapo hata daktari hajatajwa, lakini mimi machozi yalishaanza. Mtu yupo, anakupenda, amekupikia, na bado anaondoka kidogo kidogo mbele ya macho yako.

Mzee_wa_Kanda

Dada, mwekee The Classic. Ni Son Ye-jin huyohuyo, ila humo anacheza mama na binti. Binti anasoma barua za zamani za mama yake, na sisi tunarudishwa miaka ya sitini, kwa Joon-ha na Joo-hee. Mwanamke ameshachaguliwa mchumba, na mchumba mwenyewe ni rafiki wa Joon-ha. Basi Joon-ha anakwenda vitani Vietnam. Korea Kusini ilipeleka askari zaidi ya 300,000 kule kati ya 1964 na 1973, kwa hiyo kisa hiki kwao ni cha familia nyingi.

Sasa sikiliza hapa. Joon-ha anarudi, wanakutana mgahawani. Anacheka, anamwambia Joo-hee bado mzuri vilevile, anasema yeye ameshaoa. Joo-hee analia, na Joon-ha anaendelea kutabasamu kana kwamba hakuna kitu. Ndipo mwanamke anapogundua kwamba mwenzake ni kipofu. Alikwenda mgahawani siku moja kabla, akajifunza meza iko wapi na kiti kiko wapi, ili mpenzi wake asijue. Hata kuoa ni uongo, alitaka tu mwenzake aendelee na maisha yake. Nimeangalia filamu nyingi tangu enzi za kibanda umiza. Huyu kijana wa kujifunza kiti bado sijampatia mpinzani.

Muuguzi_Mwanza

Mimi nauguza wazee, acha niseme kwa upande wangu. Ugonjwa wa Alzheimer kwa mtu wa miaka 27 ni nadra mno, na kwenye muvi unakimbia haraka kupita kawaida. Hilo tuwasamehe. Walichopatia ni mpangilio wa kusahau: ya karibuni hutangulia kupotea, ya zamani hubaki. Ndiyo maana Su-jin anafika kumwita mumewe kwa jina la mwanamume aliyempenda kabla yake. Anamwambia "nakupenda" kwa jina la mwingine, na mume anaipokea hivyohivyo. Binti_Korogwe, nina hakika bibi yako anawataja ndugu zake wa utotoni huku binti aliyemwogesha asubuhi anamwita mgeni.

Na kuna pale Su-jin anajikojolea amesimama, ndugu wakiwa wamewatembelea. Wengi wanaongelea pale dukani mwishoni, walipokusanyika wote kumkumbusha. Kwangu ukweli wa muvi uko kwenye ile sakafu. Mama mdogo wako ameshaifuta mara ngapi? Mtu akitoka kazini humwekei kazi ileile kwenye televisheni. Mpe kwanza apumue.

Nyali_Mwanakwetu

Naungana na muuguzi, lakini The Classic pia naiweka kando. Inakuburuta kwa muziki na mvua mpaka ulie utake usitake. Kwa mtu aliyechoka, weka Christmas in August ya Hur Jin-ho. Han Suk-kyu ni mpiga picha mwenye studio ndogo mtaani, anajua hana muda mrefu wa kuishi. Shim Eun-ha ni askari wa kuandikia magari faini, anakuja kusafishiwa picha, wanazoeana. Hakuna kupiga kelele, na ugonjwa wenyewe hatuambiwi jina lake.

Tazama anavyomfundisha baba yake kutumia deki ya video. Mzee haelewi, anakosea tena na tena, kijana anakasirika anatoka. Anajua baada yake hakutakuwa na wa kumbonyezea. Baadaye anachukua karatasi, anaandika kwa herufi kubwa hatua moja baada ya nyingine. Mimi nililia kwa karatasi ile kuliko busu lolote la Hollywood. Mtu anayeuguza ataielewa bila kuelezwa, kwa sababu kule anayepanga mambo ya wanaobaki ni mgonjwa mwenyewe.

Umm_Salim_Muscat

Assalaam alaykum. Mmeisahau Failan ya 2001. Cecilia Cheung ni msichana wa Kichina, amefiwa na wazazi, anakwenda Korea kumtafuta shangazi, anakuta kesha hamia Canada. Ili apate kibali anaozeshwa kwa karatasi kwa Kang-jae (Choi Min-sik), jambazi asiye na mbele wala nyuma. Hawakai pamoja hata siku moja. Yeye anafua nguo za watu katika mji wa pwani, anaumwa, anakufa. Mume anaitwa kuchukua maiti ya mke asiyemjua, na anakuta barua ya kumshukuru kwa wema wake. Wema gani, wakati alichofanya ni kuuza jina lake tu?

Huku Ghuba nawaona mabinti wa kwetu wanaofanya kazi majumbani, karatasi zao mikononi mwa wengine. Pale Choi Min-sik anapokaa kando ya bahari akalia na barua mkononi, mimi nawafikiria wao. Kwangu hiyo ndiyo ya kwanza, na hizo tatu zije nyuma.

Binti_Korogwe (mleta mada)

Asanteni sana wote. Muuguzi, ni kweli kabisa, bibi anamwita kaka yake aliyekufa zamani. Nimeamua Christmas in August. A Moment to Remember nitaiacha kwenye flashi, akiniuliza yangu ninayoipenda ni ipi nitamwambia inahusu nini kwanza, achague mwenyewe. Umm Salim, Failan ipo iliyotafsiriwa na madijei?

Umm_Salim_Muscat

Sijaikuta mwanangu, na hata ukiikuta usiichukue, dijei akiongea juu ya barua imekwisha. Tafuta yenye maandishi chini. Na uvumilie mwanzo, kuna matusi na ngumi nyingi, usiangalie na watoto.

Mzee_wa_Kanda

The Classic mngoje siku ya pili basi. Msinikatalie.