Klay aliwakimbia wazee wenzake ama alisukumwa? Njooni tubishane

Wakuu, hii maneno imenikaa kwa roho tangu 2024 na juzi kwa kinyozi karibu tushikane mashati nayo, kwa hivyo naileta hapa tumalizane. Klay Thompson, yule mtupaji wa basketi ya NBA, kutoka Golden State Warriors akaenda Dallas, huo ulikuwa usaliti ama mtu alienda tu kutafuta maisha kama sisi wote? Kwa mwenye hakufuata: Warriors walimchukua 2011 akiwa chaguo la 11, akabeba ubingwa mara 4 hapo, 2015, 2017, 2018 na 2022, halafu Julai 2024 akafunga virago akaenda Texas kwa kandarasi ya miaka 3 ya dola milioni 50, akaacha wenzake wa miaka yote, Curry na Draymond, wameketi kama wazee wa baraza wenye mwenzao ameenda msalani na hajarudi.

Wacha nianze na mechi yake ya mwisho kwa sababu hiyo niliiona vibaya sana. Aprili 2024, ile ya kufa na kupona ya kutafuta nafasi ya mtoano, wako ugenini Sacramento. Huko kwao ni jioni ya tarehe 16, hapa kwetu ni saa kumi na moja alfajiri ya 17. Nilianza kuitazama simu ikiwa juu ya ndoo bafuni, usiniulize, nikaimalizia ndani ya matatu Jogoo Road, mvua inanyesha, madirisha yote yamefungwa, foleni haisongi na bando iko karibu kukata. Klay anatupa, inagonga chuma. Anatupa tena, chuma. Kando yangu kulikuwa na jamaa amepakata begi la vyombo vya fundi, simjui hanijui, alikuwa anachungulia simu yangu tangu Donholm bila kusema kitu, ilipofika kama ya nane akasema polepole tu, kama mtu anaongea kwa matanga, "huyo si wamtoe jameni." Konda akanigonga bega, noti zimekunjwa katikati ya vidole, "mzee wa simu, nauli," nikampa mia na nikasahau chenji. Mitupo 10, iliyoingia sufuri. Hakuna hata pointi moja. 118 kwa 94, kwaheri.

Sasa shida yangu na wanaosema alikimbia. Mnasema timu ilikuwa imezeeka, akaona giza linaingia akatoka mapema. Haya, tuhesabu umri. Curry ni wa Machi 1988. Draymond ni wa Machi 1990. Klay ni wa Februari 1990. Yaani Curry ndiye kaka mkubwa hapo na hao wengine wawili wamepishana wiki chache tu. Lakini ule msimu wote ukisikia mtu anaitwa mzee ni Klay. Miguu mizito, Klay. Hakabi tena, Klay. Curry akipumzishwa anatunzwa, Klay akipumzishwa amekwisha. Draymond alikuwa ameshapewa yake 2023, dola milioni 100 za miaka 4. Klay iliripotiwa aliwekewa mezani milioni 48 za miaka 2, akakataa, halafu hapo pakanyamaza. Timu ikizeeka ule uzee lazima upate mtu wa kuubeba, na hauwezi kubebeshwa Curry kwa sababu Curry ndiye watu wanalipa kuja kuona. Mimi nasema alichoka kuwa mzee peke yake. Nimemaliza, tupeni mawe.

Wa Buru Buru

Mawe utapata ndugu yangu, tena ya kokoto. Wewe umeanza hadithi 2023 kwa sababu inakufaa, mimi naanzia Juni 2019. Fainali na Toronto, goti la kushoto likakatika. Mwezi uliofuata, mwezi uliofuata tu, mtu bado anatembelea magongo, Warriors wakampa kandarasi ya miaka 5 karibu dola milioni 190. Novemba 2020 mshipa wa kisigino cha kulia nao ukakatika hata kabla hajarudi. Jumla siku 941 bila kucheza mechi na pesa inaingia kama kawaida. Mimi niliumia mgongo kazini nikabeba simiti, nikapewa wiki mbili na barua ya kuachishwa, kwa hivyo ukiniambia Warriors walimkosea Klay heshima nakuangalia tu. Mtu akikulisha miaka miwili ukiwa kitandani, siku akikwambia sasa kula kidogo unakula kidogo. Angebaki. Angeanzia benchi, angezeeka na Curry vizuri, wangetundikwa jezi siku moja. Huo mdomo wa ati heshima ni wa watoto.

Shabiki wa Celtics (na sioni haya)

Nyinyi wa Golden State mnalia ni kama mmegundua machozi. Sisi wa Boston hii ilitupata 2012. Pierce, Garnett, Ray Allen, wazee watatu, 2008 wakatupa ubingwa kwa kuwapiga Lakers, 2010 tukawarudia Lakers fainali tukapotea mechi ya saba, 2012 tukawa tunaongoza Miami 3 kwa 2 na LeBron wao akaja Boston akatutia pointi 45 na kutoka hapo hakuna kitu tulifanya. Halafu Ray Allen akaenda wapi? Miami. Kwa wale wale. Tena Boston walikuwa wanampa milioni 12 za miaka 2 na huko akachukua kama milioni 3 kwa mwaka, yaani aliacha pesa juu ya meza ili akae na waliotuzika. Mwaka uliofuata kwa fainali akatupa ile ya pembeni, zimebaki sekunde 5, San Antonio wameshaanza kufungiwa kamba za sherehe kando ya uwanja, ikaingia, Miami wakabeba. Garnett alikataa hata kutaja jina lake miaka mingi.

Lakini sikiza sasa, ndio mjue nimekua. Hao wawili waaminifu waliobaki, Pierce na Garnett, timu iliwafanya nini? 2013 ikawauza Brooklyn. Wote wawili. Ikachukua haki za kuchagua vijana, zikatuzalia Jaylen Brown na Tatum, na 2024 hao vijana ndio wametuletea ubingwa, na mimi nilishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Kwa hivyo ule uaminifu wa Garnett niliokuwa nausifu nilikuja kuula mimi mwenyewe kwa mkate. 2022 wakati jezi ya Garnett inapandishwa juu, Ray Allen alikuja, wakakumbatiana pale katikati. Mimi na yeye bado hatujaongea lakini nafikiria.

Kinyozi, Umoja

Huyo wa juu amesema mlikaribia kushikana mashati kwa kinyozi, ni kwangu, na hajalipa.

Mimi basketi naangalia tu kwa sababu wateja wanaweka. Lakini hii mnabishana naijua. Nilinyoa kwa shopu ya mtu miaka 9, kiti cha pili kutoka mlangoni. Mteja akiingia anapita kiti cha kwanza anakuja kwangu. Siku moja mwenyewe akaleta kijana, mikono myepesi, anajua kuchora hizi laini za kichwa, akamweka kiti changu na mimi nikaambiwa nikae cha mwisho karibu na sinki. Mshahara haukuguswa. Hata siku moja haukuguswa. Lakini mteja wangu wa miaka akiingia anaangalia kile kiti, hanioni, anaketi. Nilikaa miezi mitatu nikatoka. Bosi alilia nikitoka, kweli kabisa, na hakuwa mtu mbaya. Huyo Klay mimi namuelewa bila hata kujua sheria za mchezo.

Wa Buru Buru

Kinyozi heshima yako iko, lakini wewe hukuwa umelala kitandani miaka miwili ukilipwa. Hilo hamlijibu, mnalizunguka tu.

Aliyecheza Nyayo

Nimecheza ligi hapa Nairobi miaka kadhaa, zile mechi za ukumbi wa Nyayo wikendi, viti vya simiti, kwa hivyo niongee kitu kimoja hamjagusa. Mtu wa kutupa akianzia benchi si suala la sifa tu. Unapasha misuli moto na wenzako, ngoma inaanza, wewe unakaa dakika saba nane, jasho linakauka, goti lililowahi kupasuliwa linaanza kukaza, halafu kocha anakuita na mtupo wako wa kwanza watu wanaupima kama mtihani wa KCSE. Mimi goti langu la kulia lilishonwa na baridi ya Julai nilikuwa nakaa benchi nimelifunga leso, wenzangu wanacheka. Mtupo unatoka miguuni kaka zangu, mkono unamalizia tu.

Na bado huyo mtu aliweza. Februari 2024, Utah, siku ya kwanza kuanzia benchi tangu msimu wake wa kwanza kabisa, akafunga 35. Msimu mzima alikuwa na wastani wa pointi 17.9 na mitupo ya pointi tatu ilikuwa inaingia asilimia 38 na zaidi. Huyo ndiye mlisema amekwisha. Hiyo sufuri kwa 10 ilikuwa usiku mmoja, na kila mtu anaikumbuka kuliko zile 35, hata wewe mwenye mada umeifungulia mada nayo.

Kwa ndugu wa Buru Buru: zile milioni 190 hawakumpa kwa huruma. Walimpa kwa ajili ya ubingwa 3 aliokuwa ameshaleta, na alipopona akarudi Januari 2022 na Juni wakabeba wa nne. Deni lilishalipwa hapo. Ila nakupa hili, angeweza kuchukua ile ya milioni 48 mapema na yote haya hayangekuwa. Kiburi pia kilikuwepo. Watu wa kutupa tuna kiburi, ukikosa unatupa tena, hicho hicho ndicho kinatufanya tusijue kuketi.

Mzee wa Lakers

Mnasahau kuchekesha. Klay alienda Dallas kwa ajili ya Luka, nyota wao. Dallas walikuwa wametoka fainali. Februari 2025 usiku wa manane Dallas wakamuuza Luka, wakamuuzia NANI? Sisi. Mwezi uliofuata Kyrie, nyota wao mwingine, akakatika goti. Klay aliruka majivu akakanyaga moto. Asanteni kwa Luka, endeleeni.

Mwenye mada

Mzee wa Lakers toka hapa na furaha yako.

Kinyozi nitalipa Ijumaa, ulininyoa nusu kwa sababu ulikuwa unasikiza mabishano.

Dada wa Nyayo umenipiga na nimekubali, kweli nimefungua na ile sufuri. Nadhani ni kwa sababu ya yule fundi wa matatu, sijawahi kusahau sauti yake. Na wa Buru Buru, wacha niseme ukweli, hilo la kulipwa kitandani sina jibu lake zuri, pole pia kwa mgongo. Ninachojua ni kwamba hata Warriors wenyewe hawakumuona msaliti. Aliporudi kwao na jezi ya Dallas Novemba 2024, mashabiki uwanjani walipewa kofia za nahodha wa meli kwa sababu ya ile boti yake aliyokuwa anaendea nayo kazini, uwanja mzima kofia nyeupe, wakasimama. Yeye akafunga 22, Curry akafunga 37 akawazima, 120 kwa 117. Nilikuwa chai mkononi, ni asubuhi ya Jumatano hapa kwetu, na nilijikuta sijui nashangilia nani. Halafu kuona kama walikuwa wanaogopa wazee, miezi mitatu baadaye wakaleta Jimmy Butler wa miaka 35. Kwa hivyo tatizo halikuwa uzee. Walitaka tu mzee wa kutoka nje, huyu wa nyumbani walikuwa wamemzoea.

Kitu kingine, na hii sijaona mtu ameitaja. Aprili 16, 2025, Dallas walienda kucheza mechi kama ile ile ya kutafuta mtoano. Wapi? Sacramento. Uwanja ule ule, tarehe ile ile, mwaka mmoja kamili. Klay akafunga 23 na Dallas wakashinda. Najua walipigwa na Memphis siku mbili baadaye, msiniandikie. Hiyo ya Sacramento niliitazama nikiwa matatu tena, foleni tena, nikageuka kando nione kama kuna mtu anachungulia. Kulikuwa na mama amelala na mtoto.

Jezi yangu ya 11 ya Warriors bado niko nayo, niliitoa Gikomba na ina alama ya pasi mgongoni. Jana nimeona ya Dallas ya 31 pale pale, muuzaji anataka mia sita, nikamwambia mia nne, akasema huyo ni mzee lakini si wa mia nne. Nimemwambia naenda kufikiria.

Wa Buru Buru

Usinunue.