Eti wanawake wanapinga mateso kwenye mahojiano kuliko wanaume, ni kweli?

mtazamaji_tu:
Wakuu habari. Kila nikisoma mijadala ya ugaidi naambiwa wanawake wana huruma, hawawezi kukubali mtuhumiwa anyimwe usingizi au amwagiwe maji usoni mpaka aongee, wanaume ndo wanaona poa tu. Sasa mbona Lynndie England, yule askari wa Marekani wa zile picha za 2004 za wafungwa kuteswa gereza la Abu Ghraib kule Iraq, ni mwanamke, na Gina Haspel aliyesimamia gereza la siri la CIA (majasusi wa Marekani) kule Thailand 2002 ni mwanamke pia, na 2018 akapewa CIA nzima? Hiyo tofauti ipo au stori tu?

Kipanga:
Mkuu unachanganya madesa. Hao walikuwa kazini, wewe unauliza raia wa kawaida anasema nini. Na kama ni mifano, Dianne Feinstein aliyeongoza kamati ya Seneti ya Marekani iliyowaanika CIA Desemba 2014 kwa ripoti ya walivyotesa watuhumiwa wa ugaidi naye mwanamke, kwa hiyo droo.
Kwa Marekani tofauti ipo, wanaume wanakubali zaidi, kama ilivyo kwa vita na adhabu ya kifo. Ila ni ndogo kuliko tunavyodhani. Cheki kura ya maoni ya taasisi ya Pew ya Desemba hiyohiyo: 51% walisema njia za CIA za kuhoji watuhumiwa zilikuwa halali, 29% wakakataa. Ukigawa kwa vyama, Warepublikan 76%, Wademokrat 37%. Jinsia haigusi gepu kama hilo.

bi_mdadisi:
Kipanga uko sawa ila umeruka waliobaki, kama 20% hivi hawakuwa na jibu, na kwenye maswali ya siasa wanawake husema "sijui" kuliko wanaume. Ukikuta wanawake waliokubali ni wachache usikimbilie kusema wengine wote wanapinga.
Hii ya huruma mimi siinunui kivile. Tafiti za baada ya Septemba 11 zilikuta wanawake wana hofu zaidi ya kushambuliwa, na mwenye hofu anakubali mengi tu. Kwa hiyo hofu inamvuta huku, kutopenda mabavu kunamvuta kule, gepu inabaki kadogo.

mtazamaji_tu:
Duh hapo kwenye hofu sikuwahi kupafikiria. Lakini tuseme bomu linakaribia kulipuka na jamaa anajua lilipo, si kila mtu atakubali tu awe me au ke?

bi_mdadisi:
Ndo maana hilo swali silipendi, limeshakujibia, yaani umeambiwa bomu lipo, jamaa anajua na akibanwa atasema ukweli. Khalid Sheikh Mohammed, yule anayetajwa kupanga Septemba 11, alimwagiwa maji mara 183, hilo ni bomu gani linalosubiri hivyo?

Kipanga:
😂😂 Na ripoti ya Seneti ilisema njia hizo hazikuwa na ufanisi wa kupata taarifa. Pew ileile, 56% waliamini zimezuia mashambulizi. Mtu akishaamini kitu kinafanya kazi, me au ke, atakitetea.