Kubebesha miche ya tomati nyumbani: njia ipi, na juu ya shina gani?

Bustani_Nguba (Bukavu)
Jambo wote. Kiwanja ni cha mteremko, na tomati zinanyauka zingali kijani, mara tu zinapoanza maua. Nikikata shina na kulisimamisha katika glasi ya maji safi, nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka. Kwa hiyo ni mnyauko wa bakteria, hakuna dawa ya kupuliza. Nataka kubebesha, yaani kuunganisha kichwa cha tomati juu ya shina na mizizi ya mbilingani. Naona njia tatu: kukata mshazari, kupasua na kuchomeka kabari, au kuunganisha miche miwili kila mmoja na mizizi yake. Nina nafasi ya miche ishirini tu, sina nyumba ya plastiki. Mnashauri ipi?

Fundi_Pepinyeri (Goma)
Kabari. Mshazari ni wa haraka, lakini unadai mashina ya unene mmoja, karibu milimita 2, pamoja na klipu za silikoni. Kwa kabari, tofauti ndogo ya unene inavumilika, mradi ngozi ya upande mmoja ikutane na ngozi ya mwenzake.

Panda mbegu za mbilingani kwanza, tomati baada ya siku tano hadi saba. Mbilingani inapenda joto, na huku kwetu inachelewa kuota, kwa hiyo ongeza siku ukiona imesinzia. Subiri miche iwe na majani halisi manne au matano. Mwagilia siku ya kuamkia kazi, si saa ya kazi: shina lililoshiba maji linasukuma maji juu na kuinua kikonyo (kipande cha juu cha tomati).

Kata mbilingani bapa juu ya jani la pili halisi, ipasue katikati sentimita 1. Chonga kikonyo cha tomati kabari ya sentimita 1, punguza majani makubwa, chomeka, funga. Klipu ikikosekana, kipande cha mrija wa kunywea soda kilichopasuliwa kwa urefu kinashika vizuri. Wembe uwe mpya, na uchovye kwenye javeli, dawa ya kung'arisha nguo (sehemu moja kwa tisa za maji), kisha suuza, kila baada ya mche. Wembe butu unaponda shina, na palipopondwa hapaungani.

Yaya_Kampemba (Lubumbashi)
Fundi, kwa Bukavu nakubali. Kwetu kuanzia Juni hadi Agosti hewa ni kavu mno, kikonyo kisicho na mizizi kinasinyaa kabla ya kuungana. Hapo njia ya miche miwili inashinda. Panda tomati na mbilingani kwenye sashe (mfuko wa plastiki) moja. Kwenye mbilingani kata ulimi kwenda chini, kwenye tomati kwenda juu, kila mkato ufike nusu ya unene, pachika ndimi, funga. Tomati inaendelea kunywa kwa mizizi yake. Baada ya siku kumi hivi, kata kichwa cha mbilingani juu ya kiungo na shina la tomati chini yake.

Ubaya wake: kisiki cha tomati kikibaki kirefu na kugusa udongo, bakteria wamepata mlango. Kikate karibu kabisa na kiungo.

Bustani_Nguba (Bukavu)
Aksanti, yaya. Na kupona kunafanyikaje bila mtambo?

Fundi_Pepinyeri (Goma)
Hapa ndipo miche mingi hufia, kuliko kwenye wembe. Beseni lenye maji kidogo chini, miche juu ya matofali, sashe kubwa inayopitisha nuru juu ya yote. Siku mbili za kwanza giza kabisa, sashe imefungwa, ndani kuwe na umande. Joto zuri ni nyuzi 25 hadi 28. Usiku wa Bukavu na Goma haufiki hapo, kwa hiyo weka ndani ya nyumba na uingize bidoni ndogo ya maji ya moto. Siku ya tatu nuru kidogo, isiwe jua. Kuanzia ya tano fungua sashe dakika chache, ongeza kila siku, na ukiona majani yanalegea, funga tena. Siku ya nane hadi ya kumi, toa. Usinyunyize maji kwenye kiungo, yakituama pale kinaoza.

Mbegu_na_Udongo (Bukavu)
Shina la chini nalo lisidharauliwe. Si kila mbilingani inavumilia bakteria hao. EG195 na EG203 za Kituo cha Mboga Duniani zilichaguliwa kwa kazi hiyo, na zinastahimili pia udongo uliojaa maji. Ukizikosa, jaribu intore (mbilingani ya kienyeji), lakini panda kwanza mitano bila kubebesha pale pale tomati zilipokufa. Ikisimama hadi kuzaa, ndiyo. Kiazi mviringo hapana kabisa, kinaugua ugonjwa ule ule.

Shambani, kiungo kikae sentimita 5 juu ya udongo. Ukikifukia, tomati itatoa mizizi yake na kazi yote imepotea. Kila tawi la mbilingani linalochipua chini, ng'oa. Weka majani makavu ardhini ili mvua isirushe matope, na chimba mfereji juu ya kiwanja: maji ya jirani wa mteremko yanashuka na bakteria wake. Mildiu (ugonjwa wa ukungu) bado itakuja kwenye majani, kubebesha hakuizuii, kwa hiyo panda kwa nafasi na funga kwenye miti mapema.

Bustani_Nguba (Bukavu)
Basi ni kabari, na intore tano zinaingia ardhini wiki hii.