Gari la dizeli la viti saba kwa matumizi ya Malindi: CX-8, Prado au Delica?

MamaWanne

Assalam alaykum, na habari za leo wadau. Naomba ushauri wa watu wanaoyajua magari ya dizeli kwa kuyatumia, maana matangazo ya yadi yanasifu kila kitu.

Nyumbani tuko saba: mie na mume wangu, watoto wanne (mkubwa yuko kidato cha pili, mdogo bado yuko kwenye kiti cha mtoto) na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Tuna Probox, kwa hiyo safari ya pamoja haipo. Lazima mmoja apande basi. Tunakaa Muyeye. Siku za kazi gari litakuwa la shule na sokoni, mwendo wa dakika kumi hivi, unazima, unawasha tena. Kila mwezi tunampeleka mama kliniki Mombasa. Shule zikifungwa twenda Lamu, gari tunaliacha Mokowe. Na mara mojamoja Marafa kwa ndugu, kule kwenye vumbi na mawe.

Mume anataka Prado. Mie nimeipenda Mazda CX-8 ya dizeli. Jirani anatupigia debe Mitsubishi Delica D:5. Bajeti yetu ni milioni nne na nusu, na hapo tumeshahesabu pesa za kuuza Probox.

Ninayotaka kujua: watu saba na mizigo, nguvu yatosha? Kile kiti cha tatu ni cha mtu mzima au cha watoto tu? Mafuta inakula vipi? Na kuna fundi hapa mjini kaniambia dizeli za kisasa zote zinakufa pwani. Ni kweli?

Kapteni_Sabaki

Wa alaykum salaam, dada. Nimeendesha CX-8 ya kazini, dizeli, ile inayovuta magurudumu yote manne, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Nguvu usiihofie hata kidogo. Injini ni lita 2.2, nguvu farasi 190, na nguvu ya kuvuta ni Nm 450, nayo unaipata yote injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 tu. Prado ya dizeli ya Japani, zile za lita 2.8 za 2015 hadi katikati ya 2020, ina farasi 177 na Nm 450 hizohizo, na imeizidi Mazda uzito kwa kilo mia tatu na zaidi. Sasa piga picha uko nyuma ya lori la chumvi kule Gongoni, gari limejaa. Unakanyaga kidogo, gia inashuka moja, umeshapita. Gia ni otomatiki ya kawaida ya hatua sita, si CVT, ile ya mkanda isiyo na hatua.

Mafuta: kwa kipimo cha Kijapani cha JC08 wanaandika kama kilomita 17 kwa lita. Kwa matuta yetu, foleni ya Mtwapa na AC inayofanya kazi kutwa, mie nilikuwa napata 13 hivi safari ndefu, na mjini 9 au 10. Tangi ni lita 72 kwa gari la kuvuta mbele na lita 74 kwa la magurudumu manne. Mokowe unakwenda na kurudi bila kuweka mafuta njiani.

Urefu wake ni mita 4.9, kwa hiyo mahali pa kuegesha pima kabla ya kununua. Tumbo liko milimita 200 kutoka chini. Marafa kiangazi utafika vizuri. Mvua zikishika, usiende nalo.

BintiGede

Kiti cha tatu: Mazda wenyewe walikitengeneza kwa mtu wa hadi sentimita 170. Mie niko chini ya hapo na nilikaa mpaka Mombasa bila shida, ila magoti yanakuwa juu kidogo. Kijana wako wa kidato cha pili akirefuka zaidi hatakipenda.

Mama mkwe mpeni kiti cha mbele, dada. Nyuma kabisa mtu huingia ameinama, na mwenye magoti mabovu hawezi. Hapo Delica inaishinda CX-8, ina milango ya kuteleza na mtu anapita wima. Kwa mzee ni jambo kubwa.

La pili, hesabu viti kwa macho yako. CX-8 nyingine ni za viti sita, zina viti viwili pekepeke safu ya kati. Za toleo la L Package, zile za mwanzo, ni sita zote. Wewe unataka ile yenye benchi katikati. Na viti vyote vikiwa wima, buti ni lita 239 tu, kwa hiyo kwa safari ya Lamu mtahitaji keria juu. Ukienda kuliona, nenda saa saba mchana, mkalishe mtoto nyuma kabisa, funga milango na uone AC inamfikia baada ya muda gani.

FundiDizeli_Kilifi

Wote mmesema kweli, lakini hamjajibu swali la dada la mwisho, na ndilo kubwa kuliko yote.

Dada, yule fundi amekwambia nusu. Dizeli hizi zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, ndilo DPF. Masizi yanajikusanya humo, na yakifika kiwango, kompyuta inaongeza dizeli kwenye injini ili moshi uwe moto sana, karibu nyuzi 600, masizi yaungue yawe majivu. Kazi hiyo inataka gari liwe linatembea, tena mwendo mzuri, dakika kumi na tano au ishirini bila kuzimwa. Wewe umesema shule ni dakika kumi. Kila siku gari litaanza kujisafisha na wewe utalizima shuleni. Kesho tena. Ile dizeli iliyoongezwa haikuungua, inateremka kwenye kuta za silinda mpaka ndani ya oili. Oili inakuwa nyepesi, inashindwa kulinda beringi na turbo. Hapo ndipo watu husema gari limekufa.

Mazda wanalijua hilo. Chomoa stiki ya oili ya CX-8 ya dizeli uitazame kwa makini: juu ya alama ya F, ya oili kujaa, kuna alama ya X. Oili ikipanda mpaka X, badilisha mara moja, hata kama ulibadilisha juzi. Gari la petroli huogopwa oili ikipungua. Hili ogopa pia ikizidi. Waliozoea dizeli za zamani hawaitazami alama hiyo kabisa.

Oili yenyewe iwe ya majivu machache, kopo liandikwe C3. Ukitia oili wanayotia kwenye magari ya matatu, majivu yake yanabaki kwenye chujio na hayaungui tena. Na mafuta chukua kituo chenye wateja wengi. Dizeli yetu ina salfa isiyozidi 50 ppm tangu 2015, hiyo yafaa. Hatari ni iliyochanganywa na mafuta ya taa, mchezo ulioifanya serikali iweke tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Dizeli ya madumu njiani usiiguse.

MamaWanne

Fundi, Mungu akuweke. Nitajuaje kuwa linajisafisha, ili nisilizime? Na huyu wa hapa mjini ameniambia chujio linakatwa, gari linakuwa jepesi na matatizo yanakwisha.

FundiDizeli_Kilifi

Utalisikia. Gari likiwa limesimama injini inazunguka juu kidogo kuliko kawaida, feni inavuma, mfumo wa kuzima injini kwenye foleni unakataa kufanya kazi, na ile hesabu ya mafuta kwenye dashibodi inaharibika ghafla. Ukiona hivyo uko mlangoni kwa shule, shusha watoto kisha shika barabara ya Mambrui. Ukivuka daraja la Sabaki njia ni wazi. Endesha mpaka injini itulie ndipo urudi.

Kukata, mie sikati. Moshi ule mweusi utavutwa na watoto wako wenyewe pale getini kila asubuhi. Na kompyuta hudanganywa ili ikubali, na ikishadanganywa, siku kuna tatizo lingine haikwambii ukweli.

Mkaa_Mtwapa

Mie nina Prado na nitaitetea. Ina fremu, na gia ndogo za kutokea kwenye matope. Kwa Marafa na barabara za ndani hakuna CX-8 wala Delica itakayoifikia, na spea ziko hadi vijijini. Mume wako hakukosea.

Lakini kwa hesabu yenu itawaumiza. Dizeli ikipita cc 2,500 ushuru wa bidhaa ni asilimia 35, chini ya hapo ni 25. Prado ya 2.8 inaingia huko juu, CX-8 na Delica za 2.2 zinabaki chini. Kwa milioni nne na nusu Prado mtakayoipata imechoka, na Prado iliyochoka ni ghali kuliko Mazda nzima. Tena msidhani Prado imeepuka hayo ya chujio. Ya Japani inalo, na juu yake inataka AdBlue, yale maji ya urea ya kusafishia moshi. Ikikuishia na umezima, haiwaki. Delica za dizeli za 2019 kwenda mbele ni vivyo hivyo. CX-8 haitumii AdBlue, kwa sababu Mazda walishusha mgandamizo wa injini mpaka 14.4 kwa 1. Kwa mtu wa Malindi hiyo ni kazi moja imepungua.

Msafiri_Watamu

Nitakwenda kinyume na wenzangu. Dada, kwa maisha uliyoyaeleza, siku nyingi ni za shule na sokoni. Kwa nini dizeli? CX-8 ya petroli ipo tangu mwishoni mwa 2018, lita 2.5, farasi 190 kama ya dizeli. Haina chujio la kukuhangaisha. Ni kweli nguvu ya kuvuta ni Nm 252, kwa hiyo mkiwa saba utasikia injini ikilia unapopita magari, na mafuta itakula zaidi. Mie ningevumilia hayo.

Nahodha_Ngomeni

Naongeza la chumvi tu, sitasema mengi. Gari likikaa Mokowe wiki nzima karibu na maji, chini kunashika kutu kimyakimya. Lioshwe tumbo kwa maji matamu. Nasisitiza matamu, kwa sababu huku wengi wanaosha kwa maji ya kisima yenye chumvi na wanajiona wamefanya jambo. Mkinunua, tazameni pia kutu ya huko lilikotoka. Japani ya kaskazini humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji.

MamaWanne

Nimekaa na mume wangu tumesoma yote. Prado ameiacha, kwa moyo mzito. Delica tuliizungumza kwa ajili ya mama, lakini yeye mwenyewe anasema akikaa mbele hana neno.

Msafiri, maneno yako yametufanya tuhesabu upya. Tumeamua Probox haiuzwi. Itabaki ya shule na sokoni, na dizeli itakuwa ya Mombasa na Lamu, ikitoka pia kila Jumamosi mpaka Kilifi na kurudi. Pesa zitapungua, kwa hiyo tutachukua ya kuvuta mbele na Marafa tutaendelea kwenda na Probox. Wiki ijayo tunakwenda yadi Mombasa. Tutazame nini?

FundiDizeli_Kilifi

Mpango huo naukubali. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti iwe baridi, chomoa stiki, tazama oili iko wapi kati ya F na X, na uinuse. Ikinuka dizeli, uliza maswali. Mwambie mtu awashe wewe ukiwa nyuma ya bomba. Ndani ya bomba pitisha kidole: gari ambalo chujio lake ni zima, kidole hutoka kikavu, masizi hakuna au kidogo sana. Kikitoka cheusi tititi, limekatwa au limepasuka, achana nalo.

Namba ya chesisi ya dizeli huanza na KG2P. Ikiwa KG5P, hiyo ni petroli, hata tangazo liseme nini. Kama linaagizwa, kumbuka kanuni ya miaka minane: mwaka 2026 ni za 2019 kwenda mbele. Fungua buti uone kama kuna tairi ya spea, maana mengi ya Japani huja na dawa ya kuziba pancha tu, na hiyo haifai barabara ya Garsen. Kisha endesha mpaka Mazeras na kurudi kabla hujalipa chochote. Kile kilima kitakuonyesha turbo ikoje.