Maji baridi kwenye athroskopi (upasuaji wa kamera kupitia matundu madogo) ya goti: tuyapashe joto?

Muuguzi_Theta: Wadau, asubuhi hizi za Julai hapa Nairobi mifuko ya lita 3 ya salaini, yale maji ya chumvi tunayopitisha ndani ya goti, inatoka stoo ikiwa nyuzi 17 au 18. Goti hupoa kiasi gani ndani, na kuna haja ya kuipasha?

DaktariWaUsingizi: Sista, goti lililotulia huwa na nyuzi 32 hadi 34 hivi ndani, si 37. Maji yakianza kupita, joto hushuka haraka kuelekea lile la mfuko, na tonikei (mkanda wa kuzuia damu) ikiwa imefungwa pajani hakuna damu ya kulirudisha. Lakini tonikei hiyohiyo huzuia baridi kuenea mwilini, kwa hiyo goti la nusu saa halinipi wasiwasi. Bega na nyonga hazina tonikei. Huko ndiko ninakodai maji ya nyuzi 37. Kwa goti, chunga zaidi shuka lililolowa chini ya mgongo. Tandika plastiki yenye mfuko wa kukusanya maji yanayomwagika, na mgonjwa akishuka chini ya 36 mfunike kwa blanketi la hewa moto. Kabati la kupashia lisizidi 40. Maikrowevu hapana kabisa: mfuko hupata moto upande mmoja.

Goti_na_Bega: Kinachoua gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ni moto. Kile kijiti cha mawimbi ya redio cha kukatia na kuchomea tishu kinaweza kupandisha maji yaliyo jirani yake kupita nyuzi 50 yasipotembea, na karibu na hapo seli za gegedu huanza kufa. Hutokea mfuko unapokauka bila mtu kuona, au mfyonzo (bomba la kunyonya maji) ukiziba. Ukiona mapovu yametulia mbele ya kamera hayasogei, mwambie daktari aachie pedali ya kijiti papo hapo. Mfuko wa pili uwe umeshaunganishwa kabla wa kwanza haujaisha. Na kumbuka, ukianza na maji ya 37, safari ya kufika 50 ni fupi.

Fizio_Nbi: Baada ya upasuaji goti hupata joto tena, na uvimbe huliongeza. Barafu dakika 15 hadi 20, juu ya kitambaa chembamba. Bandeji nene ya pamba huzuia ubaridi usipenye. Ganzi ikiwa bado mguuni, kagua ngozi kila dakika 5, kwa sababu mgonjwa hasikii ikiungua kwa baridi. Usikandamize barafu upande wa nje chini ya goti, panapopita neva ya kuinua wayo. Goti likizidi kuwa moto na kuuma siku ya nne au ya tano, pamoja na homa ya kupita 38, arudi hospitali siku hiyohiyo.